Sumaku na Alumini: Jinsi ya Kuzitambua Metali kwa Sumaku Moja na Uzi

Alumini hainaswi na sumaku. Weka sumaku juu ya kipande safi cha alumini, kipindue, na sumaku itadondoka. Ikinasa, kuna chuma mahali fulani kwenye kipande hicho: ndani yake, nyuma yake, au kuna vumbi la chuma juu yake ambalo jicho halijaliona.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Sumaku iliyotulia hujibu swali moja tu: je, hapa kuna chuma? Haikuambii kwamba kitu ni alumini. Shaba hainasi, brasi hainasi, zinki, risasi, magnesi, titani, dhahabu na fedha hazinasi, na stenlesi nyingi pia hainasi. Anayetaka kuitambua alumini yenyewe lazima aiendeshe sumaku, kwa sababu sumaku ikiwa mwendoni alumini huitikia, tena kwa nguvu utakayoihisi vidoleni. Nusu hiyo ya pili ndiyo ninayotaka sana uijue, ila tutaanza na ya kwanza.

Kazi yangu ni kusubu. Nayeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye kalibu, na katika kazi hii sumaku hutangulia moto. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi. Chuma kinahitaji zaidi ya 1,500. Kwa hiyo bolti ya chuma iliyosahaulika kwenye kipande cha injini haiyeyuki chunguni, bali huliwa na alumini ya moto taratibu. Chuma kilichoingia kwa njia hiyo, wakati wa kupoa, huungana na silikoni na alumini yenyewe kutengeneza vibamba vyembamba vigumu katikati ya metali, na kitu ulichokisubu hupasuka kwa pigo ambalo kilipaswa kulistahimili. Kukitoa chuma hicho baadaye ni kazi ngumu mno. Dawa yake ni kukizuia kisiingie, basi.

Sumaku ya kuwa nayo

Sumaku nyeusi za feriti, zile zinazokaa nyuma ya spika, zinafaa kwa kuchambua lundo haraka. Kwa majaribio ya makini tafuta sumaku ya neodimiamu, ile inayong'aa kwa kupakwa nikeli. Hiyo ni mchanganyiko wa neodimiamu, chuma na boroni, na ilianza kutengenezwa miaka ya 1980. Kisahani chenye upana wa milimita 15 hadi 20 na unene wa milimita 5 au zaidi kinatosha. Ukifungua diski kuu ya kompyuta iliyokufa utakuta nzuri ndani, ingawa zina umbo la upinde na zimegundishwa kwenye bamba la chuma.

Funga kisahani chako kwa utepe, kisha ukitundike kwenye uzi wenye urefu wa kiganja hadi kiwiko. Uzi huu si pambo. Mkono wako hauwezi kuhisi mvuto mdogo, lakini sumaku inayoning'inia huegemea hata inapovutwa kidogo sana, na macho huliona hilo.

Hizi sumaku zichukuliwe kwa uzito. Mbili kubwa zikikutana na kidole katikati, kidole kinaumia vibaya, na zenyewe huvunjika na kurusha vipande. Mtoto akimeza mbili, hunasana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa, kwa hiyo zisikae mahali mtoto anapofika. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asizikaribie kabisa.

Sumaku iliyotulia

Safisha kipande kwanza. Kama kimekaa karibu na grenda, kipige brashi au kifute kwa kitambaa chenye maji, maana unga wa chuma hukwama kwenye mikwaruzo ya alumini na sumaku itauvuta huo. Kisha acha sumaku ining'inie hadi itulie kabisa, usogeze kipande polepole kutoka ubavuni. Usisogeze sumaku; sogeza kipande, na usiwe na haraka, kwa sababu haraka huamsha ile nusu ya pili na itakuchanganya.

Ikirukia kipande na kung'ang'ania, hicho ni chuma cha kawaida, chuma cha pua (feleji, siyo stenlesi) au chuma cha kusubu. Inaweza pia kuwa nikeli au kobalti, ila vipande vitupu vya metali hizo huvikuti ovyo. Ikikaa kimya, hakuna chuma kinachovutwa karibu na uso. Katikati ya hayo mawili ndipo pana utamu: sumaku inaegemea kidogo, kisha inaachia.

Kuegemea huko mara nyingi ni stenlesi. Aina inayotumika zaidi duniani, inayoitwa 304, ina kromu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, na nikeli hiyo huzipanga atomi za chuma kwa namna isiyovutwa na sumaku. Lakini ukiikunja, ukiivuta au ukiikata, sehemu iliyoteswa hubadilika mpangilio na kuanza kuvuta. Ukipata sinki la stenlesi lipitie na uzi wako: kwenye ubapa sumaku inapita kimya, kwenye kona iliyovutwa kwa nguvu kiwandani inaegemea, ukirudi kwenye ubapa inaachia. Stenlesi aina ya 430, ambayo kwa kawaida haitiwi nikeli, hunasa kabisa. Kwa hiyo ile kauli kwamba stenlesi halisi haishiki sumaku si kweli, na imewafanya watu wengi watupe vitu vizuri.

Vitu vinavyokufanya uamini uongo

Waya mnene wa umeme unaopita juu ya nguzo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Kwa nje ni nyuzi za alumini, laini, za kijivu; unaweza kuukata mmoja kwa koleo bila kutoa jasho. Weka sumaku: inanasa. Fumua nyuzi za nje moja baada ya nyingine, na katikati utakuta waya wa chuma cha pua, mmoja au kadhaa, uliowekwa ili kubeba uzito wa waya wote kati ya nguzo na nguzo. Alumini inapitisha umeme, chuma kinabeba mzigo. Sumaku haikukosea, ilikiona chuma kupitia alumini, maana alumini iliyotulia haimzuilii sumaku chochote.

Mabati ya kuezekea yenye mng'ao wa alumini ni vilevile. Mengi ni bamba la chuma cha pua lililopakwa mchanganyiko ambao asilimia 55 yake ni alumini na karibu yote iliyobaki ni zinki. Rangi ni ya alumini, uzito na mvuto ni wa chuma. Bloku ya injini ya alumini mara nyingi ina silinda zilizowekewa mirija ya chuma cha kusubu, kwa hiyo sumaku itanasa ndani ya tundu na kudondoka ubavuni. Rimu ya alumini huwa na vipande vidogo vya kusawazishia gurudumu, na siku hizi vingi ni vya chuma. Pita na sumaku kila upande, siyo mahali pamoja.

Kuna udanganyifu wa upande wa pili pia. Mchanganyiko wa shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25, unaotumika kwenye sarafu nyingi, hauvutwi ingawa robo yake ni metali inayovutwa. Kinyume chake peni 1 ya Uingereza ina rangi ya shaba lakini tangu 1992 ni chuma cha pua kilichopakwa shaba, na hunasa barabara. Rangi ya nje haisemi kitu.

Kwa nini chuma na siyo alumini

Kila elektroni ni sumaku ndogo. Katika metali nyingi elektroni hujipanga kwa jozi zinazoelekea pande mbili tofauti, na nguvu zao zikafutana. Atomi ya chuma ina elektroni kadhaa zisizo na mwenza, na atomi jirani hukubaliana zielekee upande mmoja. Makundi makubwa ya atomi huwa na msimamo mmoja hata kabla hujaleta sumaku. Ukiileta, makundi yanageuka kuifuata, na kipande kizima kinakuwa sumaku kwa muda. Katika joto la kawaida ni chuma, nikeli na kobalti zinazofanya hivi miongoni mwa metali unazoweza kukutana nazo. Gadolini, metali adimu, nayo hufanya, ila inapofika nyuzijoto 20 hivi huacha.

Alumini haina makubaliano hayo. Mwanafizikia atakuambia kwamba kwa kweli inavutwa, na yuko sahihi: sumaku ikiikaribia, alumini huuongeza uga wa sumaku (eneo ambamo nguvu yake inafanya kazi) kwa takribani sehemu 2 katika 100,000. Shaba huupunguza, kwa takribani sehemu 1 katika 100,000, yaani inasukumwa badala ya kuvutwa. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday ndiye aliyeonyesha mwaka 1845 kwamba vitu vingi tunavyodhani havina uhusiano na sumaku huitikia kwa njia moja au nyingine ukitumia sumaku yenye nguvu ya kutosha. Mezani kwako huwezi kuliona hilo kwa uzi, ndiyo maana tunasema alumini hainaswi.

Cha ajabu ni kwamba alumini yenyewe imo ndani ya sumaku. Zile za aina ya alniko, zilizokuwa maarufu kabla ya feriti na neodimiamu, zimesubiwa kwa chuma, nikeli, kobalti na alumini. Haileti usumaku yenyewe. Inasaidia metali zile nyingine zijipange vizuri wakati wa kupoa.

Sasa endesha sumaku

Mwaka 1831 Faraday aligundua kwamba sumaku inayosogea karibu na metali huzalisha mkondo wa umeme ndani yake. Miaka mitatu baadaye mwanafizikia Heinrich Lenz alieleza upande wa mkondo huo: daima hupinga mwendo ulioutengeneza. Alumini ni kipitishi kizuri cha umeme, kama asilimia 60 ya uwezo wa shaba, kwa hiyo sumaku ikipita juu yake mikondo ya duara huzuka ndani ya bamba, kila mkondo ukawa sumaku ya muda, na zote zikaikamata sumaku yako mwendo. Ukisimama, mikondo inakufa papo hapo, na alumini inarudi kuwa kimya.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Tafuta bamba la alumini lenye unene wa milimita 5 au zaidi. Karatasi ya alumini haifai, ni nyembamba mno. Liinamishe nusu ya kusimama. Juu yake achia kipande chochote laini chenye ukubwa wa sumaku yako, cha plastiki au mbao, uone kinavyoteleza. Sasa achia sumaku kutoka palepale. Haitelezi, inatambaa. Inashuka kwa mwendo uleule mmoja kutoka juu hadi chini, haiongezi kasi, mithili ya kitu kinachozama kwenye asali. Iguse katikati ya safari na uisukume kwa kidole: kadiri unavyosukuma kwa kasi ndivyo inavyokukatalia, na ukiisukuma polepole haikupingi.

Vijana ninaowafundisha wakiliona hili mara ya kwanza huuliza, "Fundi, si ulisema haivutwi?" Jibu langu ni kuwaambia wasimamishe sumaku kwa kidole, kisha wageuze bamba. Inadondoka. Hiyo ndiyo tofauti ya kushika moyoni: mvuto wa chuma upo hata sumaku ikilala, breki ya alumini ipo wakati wa mwendo tu.

Ukiwa na bomba la alumini lenye kuta nene, na tundu ambalo sumaku inapita bila kugusa sana, simamisha bomba wima na uachie sumaku kutoka juu. Kitu kinachoanguka bila kizuizi humaliza mita 1 kwa chini ya nusu sekunde. Sumaku yenye nguvu ndani ya bomba nene huchukua sekunde kadhaa, na ukichungulia kutoka juu unaiona ikielea kushuka bila kugusa kuta. Jaribu na bomba la plastiki la upana uleule, usikie tofauti ya kishindo.

Mkebe mtupu wa alumini nao unafaa. Uweke kwenye beseni la maji ili uelee, ushushe sumaku ya uzi juu yake bila kugusana, pota uzi kisha uuachie sumaku izunguke. Baada ya muda mkebe wenyewe unaanza kuzunguka kuifuata. Mwanasayansi Mfaransa François Arago aliona tukio la jamii hii mwaka 1824 kwa kisahani cha shaba na sindano ya sumaku, na hakuna aliyeweza kulieleza hadi Faraday alipokuja.

Ukitaka kuhakikisha kwamba ni mikondo inayofanya kazi, chukua bamba lingine la alumini lenye ukubwa na unene uleule na ulikate mapengo mengi membamba, liwe na meno ya kitana. Telezesha sumaku juu ya meno hayo. Breki inapungua sana, kwa sababu mikondo haina tena nafasi ya kuzunguka. Metali ni ileile, uzito ni karibu uleule, njia ya umeme tu ndiyo imevunjwa.

Nguvu hii ndiyo inayozungusha kile kisahani cha alumini kwenye mita za umeme za zamani, na sumaku ya kudumu iliyopembeni mwake ndiyo inayokipiga breki ili kisikimbie. Kwenye viwanda vikubwa vya kuchakata taka kuna ngoma yenye sumaku nyingi inayozunguka kwa kasi kubwa mwishoni mwa mkanda. Plastiki inaanguka chini tu ya mkanda. Mikebe ya alumini inaruka mbele na kutua kwenye pipa lake. Kitu "kisichovutwa na sumaku" kinarushwa na sumaku.

Kutenganisha zile zilizokaa kimya

Baada ya kuondoa chuma, bamba lako la kutelezeshea ni darasa tosha. Kwenye shaba nene sumaku inatambaa polepole kuliko kwenye alumini. Kwenye brasi na zinki inakwenda haraka kiasi, kwenye risasi haraka zaidi, na kwenye stenlesi na titani inateleza karibu kama kwenye mbao, maana hizo ni vipitishi hafifu. Tahadhari moja: alumini iliyochanganywa hupitisha umeme vibaya kuliko alumini safi. Alumini ya kusubu yenye silikoni nyingi inaweza kufanana na brasi kwa breki, kwa hiyo usihukumu kwa mwendo peke yake.

Hapo shika mizani. Pima kipande kwa gramu, kisha kizamishe kwenye chombo chenye alama za mililita uone maji yamepanda kiasi gani, gawanya gramu kwa mililita. Alumini ni karibu 2.7, titani 4.5, zinki 7.1, shaba 9 kasoro kidogo, risasi 11.3. Kipande cha gramu 270 kilichopandisha maji kwa mililita 100, kisichonasa sumaku na kinachoikamata breki, ni alumini bila shaka.

Ukipata 1.7 au 1.8, simama. Hiyo ni magnesi, na unga au manyoya yake ya grenda hushika moto mkali ambao maji huuchochea. Kwa uhakika, kwangua sehemu ndogo kwa tupa, dondoshea siki: magnesi hutoa mapovu mara moja, alumini hukaa tu kwa sababu ya utando wake wa oksidi.

Moto hubadilisha mambo

Chuma kikifika nyuzijoto 770 hupoteza mvuto wake wote, na nikeli huupoteza kwenye 358 hivi. Mwanafizikia Mfaransa Pierre Curie alilichunguza jambo hili katika utafiti wake wa 1895, na joto hilo limepewa jina lake. Wahunzi hulitumia: wanapotaka kuzimisha kisu kwenye mafuta hukipasha hadi sumaku iache kukishika, kisha huongeza joto kidogo. Kwangu maana yake ni nyingine. Kipande chekundu kilichotoka motoni kisipimwe kwa sumaku, kwa kuwa chuma kitakaa kimya na utakiita kitu kingine. Isitoshe, sumaku ya kawaida ya neodimiamu huanza kudhoofika ikivuka nyuzijoto 80, na nguvu iliyopotea hairudi ikipoa. Ngoja kipande kipoe hadi ukishike kwa mkono mtupu.

Na kwa wenye jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa uga wa sumaku: sufuria ya alumini tupu haipati joto la maana juu ya jiko la kawaida la aina hiyo, kwa kuwa haina usumaku na umeme unapita ndani yake kwa wepisi mno kuweza kuipasha. Weka sumaku chini ya sufuria. Ikinasa, mtengenezaji ameweka bamba la chuma kwenye kitako, na itafanya kazi.

Sumaku yangu ya kuchambulia naivalisha mfuko mwembamba wa plastiki kabla ya kazi. Unga wa chuma hujaa juu ya mfuko badala ya kwenye sumaku. Nikimaliza nasogea mbali na pipa la alumini, navuta sumaku kutoka ndani ya mfuko, na unga wote unaanguka wenyewe.